Mbona alipokea mpira akiwa peke yake na kipa, na bado hajaotea?

Kaa kwenye kibanda umiza chochote cha Kirumba au Mabatini, jijini Mwanza, siku ya mechi kubwa, utasikia hukumu ikitolewa kabla hata mwamuzi hajaamua: "Kaotea huyo! Si mnaona yuko peke yake?"

Kuwa peke yake si ushahidi wa kuotea, yaani offside. Kinachopimwa ni pale alipokuwa wakati mwenzake anaugusa mpira kumpasia, si pale alipoupokelea. Pasi ndefu ya mita 40 hukaa hewani kama sekunde mbili hivi, na mshambuliaji mwenye mbio hula zaidi ya mita kumi katika muda huo. Aliyeanza bega kwa bega na beki anafika mwenyewe, halali kabisa, huku kibanda kizima kikimlaani mshika kibendera. Kinyume chake ndicho kituko: aliyekuwa ameotea pasi ilipopigwa, akarudi mbio kuifuata hadi nusu yake mwenyewe ya uwanja, bado amefanya kosa, na faulo hupigwa hapohapo alipougusia mpira.

Halafu kuna huyu "beki wa mwisho" anayetajwa kila siku. Sheria haimjui. Inamtaja mpinzani wa pili kutoka mwisho, ambaye mshambuliaji hatakiwi kumtangulia kuelekea goli, na kipa huhesabiwa kama wengine. Kwa kuwa kipa kwa kawaida ndiye wa mwisho, watu wamezoea kutazama beki tu. Kipa akipanda kwenda kupiga kona dakika za nyongeza, hesabu hiyo inawaangusha: akibaki beki mmoja nyuma, anayehesabiwa ni mpinzani anayefuata mbele ya beki huyo, na aliyempita huyo ameotea hata kama hajampita beki, mradi pia ameupita mpira na yuko nusu ya wapinzani. Kabla ya 1925 walitakiwa wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na goli, si wawili. Kulingana sawa na mpinzani kumekuwa halali tangu 1990. Mkono hauhesabiwi. Mpira wa kurusha, kona na goli kiki havina kuotea.

Sasa mshika kibendera, yaani mwamuzi msaidizi. Simama ufukweni pale Kamanga, tazama mitumbwi miwili iliyotia nanga, mmoja karibu na mwingine mbali, yote ikiwa imenyooka mbele yako hadi wa karibu unaufunika wa mbali. Piga hatua chache kulia. Mtumbwi wa mbali unajitokeza upande wa kulia, kana kwamba umeutangulia mwenzake, ilhali hakuna uliosogea. Msaidizi aliyesogea hatua moja kuelekea goli kuliko beki huona hivyohivyo: mshambuliaji aliye ng'ambo ya beki, hata wakiwa sawasawa, ataonekana ametangulia, na kibendera kitapanda. Mshambuliaji akiwa upande wa karibu, kosa linageuka na aliyeotea anaachiwa. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi waliandika katika jarida la Nature kwamba wasaidizi wengi hukosea namna hiyo hasa kwa sababu ya mahali wanaposimama.

Si wote waliokubali kwamba hilo linatosha. Wengine wanaulaumu ubongo, ambao huelekea kukiona kitu kinachokwenda kasi kikiwa mbele kidogo ya kilipo. Huenda yote mawili yana mchango. Kasi yenyewe haisaidii: mshambuliaji akienda mita 8 kwa sekunde na beki akipanda mita 5 kwa upande wa pili, sehemu ya tano ya sekunde inawatenganisha mita 2.6. Na katika muda huohuo msaidizi anatakiwa amwone mpigaji aliye mbali na mstari wa mabeki ulio mbele yake.

Ndiyo maana kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, mbali na kamera 12 za kuwafuatilia wachezaji, waliweka kihisi ndani ya mpira wenyewe, kikituma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kazi yake kubwa kwenye kuotea ilikuwa moja: kujua mpira umepigwa lini.