Kodi za mkoa na komine: nani alipe, na pesa inafanya kazi gani

Kila mwanzo wa mwaka hapa Lubumbashi, maajenti wanapopita lupango kwa lupango (kiwanja kwa kiwanja) kuandika walipa kodi, majibu wanayopewa mtaa wa Katuba ni yale yale wanayopewa Bel-Air: "Tulishalipa SNEL." "Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba." "Lubumbashi ni mji wa shaba, Leta (serikali) ichukue kwa wachimbaji." Safari hii malalamiko yamezidi, na mengine ni ya haki kabisa, hasa ya akina mama wa soko. Nayajibu hapa kwa kadiri kazi yangu katika huduma ya mapato inavyoniruhusu.

Nianze na shaba. Mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa madini wanayouza, upo na unalipwa. Kanuni ya Madini, ilivyorekebishwa Machi 2018, inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komine (manispaa ndani ya mji), au sekta au sheferi kwa upande wa vijijini, ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inakwenda pale mgodi ulipo, si kila mahali. Komine ya Ruashi inaweza kuihesabu katika bajeti yake. Komine ya Kamalondo haina mgodi, wala komine yetu inayoitwa Kenya. Watu wa komine hizo wanaishi kwa biashara, ufundi na mishahara, na komine yenyewe inaishi kwa kile wanacholipa wao. Mtaro wa nyuma ya soko la Kenya hauwezi kuzibuliwa kwa mrabaha wa Ruashi.

Kuhusu SNEL ya umeme na REGIDESO ya maji, naomba tuelewane mara moja kwa wote. Ile ni bei ya umeme na maji uliyotumia. Haiingii mkoani wala komine hata falanga moja, na kuionyesha kwa ajenti wa kodi hakumsaidii mtu.

Sasa, pesa inafanya nini? Sheria ya Oktoba 7, 2008 juu ya maeneo yenye madaraka imeipa komine usafi, matengenezo ya njia za mitaa na mitaro, masoko, na ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mwalimu wa shule ya Leta na polisi wanalipwa na serikali kuu, kwa hiyo mshahara wa mwalimu uliochelewa si sababu ya kukataa kodi ya komine. Nakubali kwamba mkaaji anayeona takataka mbele ya lango lake Novemba, mvua zikianza, ana haki ya kuuliza. Sehemu ya makusanyo inakula mafuta ya gari la taka, makaratasi na watu wa ofisi. Na fungu ambalo komine inapaswa kupata kutoka juu huchelewa. Hayo yote ni kweli, na mahali pa kuyaulizia papo: Desemba 2023 tulichagua washauri wa komine, na bajeti ya komine ni kazi yao kuipitisha. Mfuateni mshauri wenu kabla bajeti haijapigiwa kura.

Nani alipe? Katiba, ibara ya 204, imeipa mikoa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya mapato ya kupangisha nyumba na kodi ya magari. Ordonansi-sheria nambari 18/004 ya Machi 13, 2018 ndiyo inayopanga kipi ni cha mkoa, kipi ni cha komine, na kipi wanagawana. Kodi ya ardhi na majengo, yaani kodi ya lupango, inamfuata mwenye haki juu ya lupango, akae pale au asikae. Tatizo kubwa tunaloliona ni nyumba ya marehemu. Baba amefariki, karatasi bado zina jina lake, watoto hawajagawana, na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Kwetu deni ni la lupango, nalo linakua wakati familia inasubiri kikao. Chagueni mmoja wenu, mje na cheti cha kifo na karatasi za lupango, tuandike jina la anayewakilisha warithi.

Wajane na wazee wanaokaa katika nyumba yao wenyewe wanaweza kupata msamaha kwa masharti ya sheria ya Februari 10, 1969. Msamaha huombwa kwa barua, haujileti. Kanisa nalo limesamehewa kwa jengo la ibada. Vibanda vya maduka ambavyo parokia imejenga kando ya avenyi na kuvipangisha vinalipiwa kama vya mtu yeyote.

Upande wa nyumba za kupanga, anayedaiwa kodi ya mapato ya kupangisha ni mwenye nyumba, lakini sheria inampa mpangaji kazi ya kukata sehemu ya kodi hiyo katika pesa ya nyumba na kuipeleka mwenyewe. Mpangaji anayefanya hivyo haongezi kitu mfukoni mwake: anamkabidhi mwenye nyumba pesa iliyobaki pamoja na nakala ya malipo. Baba mwenye nyumba anayemtishia mpangaji kwa sababu hiyo anavunja sheria, na ninashangaa ni wangapi wanaofanya hivyo huku wakijua.

Malipo yenyewe yana hatua zake. Unatangaza mali yako, huduma inahesabu, unapewa note de perception, yaani karatasi ya deni, yenye jina lako, anwani, aina ya kodi, kiasi na nambari ya akaunti. Unalipa benki. Unarudi na bordero ya benki (karatasi inayoonyesha umelipa) kupewa hati ya malipo. Ajenti wa sensa hapokei pesa mkononi, hata akiwa na beji, hata akiwa jirani yako. Kwa kuchelewa, mwezi ulioanza unahesabiwa mzima: ukipita siku mbili ndani ya mwezi wa pili, unalipia adhabu ya miezi miwili. Baada ya barua ya kukukumbusha inakuja amri ya kulipa ndani ya siku nane, kisha kukamatwa kwa mali. Huduma inaweza pia kumwandikia mpangaji wako alete pesa ya nyumba moja kwa moja kwetu.

Sokoni ni tofauti, maana kodi ya meza inalipwa kila siku kwa mtozaji mwenyewe. Hapo tazama tiketi. Inachanwa kutoka kitabu, na nambari iliyo kwenye kipande chako ndiyo iliyobaki kwenye kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni. Jioni vishina vinahesabiwa na pesa inalinganishwa. Mtozaji akichukua falanga zako bila kuchana kitu, hakuna kishina, na ofisini siku hiyo meza yako inaonekana haikulipa. Mama anayefunga tiketi yake kwenye ncha ya kitenge mpaka jioni anafanya sawasawa. Tiketi ya jana yenye tarehe iliyofutwa, ikatae.

Na kuna kitu ambacho hakilipiwi: kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 tangu azaliwe ni bure.

Ukiona umehesabiwa vibaya, andika. Sheria ya utaratibu wa kodi ya Machi 13, 2003 inatoa miezi sita tangu kupokea karatasi ya deni. Eleza unachopinga na kiasi unachokubali, na kile unachokubali ukilipe. Ambatanisha fotokopi, karatasi halisi ibaki nyumbani. Leta barua nakala mbili. Moja irudi mikononi mwako na muhuri wa mapokezi, tarehe na saini, kabla hujatoka ofisini.