Redio za zamani za magari ya wagonjwa: kifaa kizima, mfumo umeondoka

Redio za mkononi walizobeba wahudumu wa dharura wa Marekani miaka ya 1970 na 1980 leo hupatikana kwenye minada ya vifaa vilivyoondolewa kazini. Wapo wanaozinunua kwa ajili ya kumbukumbu, wapo mafundi na wapenzi wa redio wanaotaka kuzichezea. Na gari la wagonjwa lililotumika likitolewa msaada, huenda likafika huku redio yake ikiwa bado imefungwa kwenye dashibodi. Taa inawaka, spika inakoroma, kila mtu anafurahi. Kumbe kilichofika ni kipande kimoja tu cha mfumo uliobaki ng'ambo, na huenda hata huko umeshavunjwa.

Redio hizi zilibuniwa kwa kazi maalumu. Mwaka 1967, mjini Miami, Dkt. Eugene Nagel na wazima moto wa jiji hilo walianza kurusha mchoro wa umeme wa moyo wa mgonjwa kutoka barabarani hadi hospitali. Redio ya kawaida hubeba sauti, haibebi mchoro. Kwa hiyo umeme mdogo wa moyo uligeuzwa kuwa mlio unaopanda na kushuka, mlio ukarushwa hewani, na mashine ya hospitali ikaugeuza tena kuwa mstari juu ya karatasi. Daktari akautazama, akatoa amri ya dawa. Amri hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha jambo lote: katika miaka hiyo mhudumu asiye daktari hakuruhusiwa kumchoma mgonjwa sindano ya dawa ya moyo kwa uamuzi wake mwenyewe. California ilipitisha sheria ya wahudumu hao mwaka 1970, na kazi yao ilitegemea sauti ya daktari au muuguzi upande wa pili wa redio.

Mwaka 1974 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikatenga chaneli za tiba ya dharura, maarufu kwa jina la MED, kwenye masafa ya megahezi 463 na 468. Kila chaneli ina masafa mawili, moja la hospitali na lingine la gari, ili pande zote mbili ziweze kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Daktari angeweza kumkatiza mhudumu bila kungoja amalize. Redio aina ya Biophone, na APCOR ya Motorola, ndizo zilizojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Ni mashine nzito, imara, na kwa maoni yangu zilitengenezwa kwa akili sana.

Zilipokwa kazi kidogo kidogo. Kwanza madaktari waliandika miongozo inayomruhusu mhudumu kuanza tiba bila kuomba ruhusa kila mara. Kisha simu ya mkononi ikawa njia rahisi ya kuzungumza na hospitali, na baadaye mchoro kamili wa moyo ukaanza kutumwa kama data, ukiwa safi kuliko ule mlio. Tarehe 1 Januari 2013 ukawa mwisho wa kutumia chaneli zenye upana wa kilohezi 25 katika masafa hayo. Upana ukapunguzwa hadi 12.5 ili nafasi itoshe watumiaji wengi zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam wataukumbuka mkesha huohuo: ndipo matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa, watu wakakimbilia ving'amuzi. Ya Marekani haikuwa kuhamia dijitali, lakini redio isiyoweza kupunguzwa upana ilikosa uhalali palepale.

Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilianzisha FirstNet, mtandao wa data wa vikosi vya dharura, na mwaka 2017 kampuni ya simu AT&T ikapewa mkataba wa kuujenga. Hata hivyo redio haijazikwa. Desemba 25, 2020, bomu lililipuka nje ya jengo la AT&T mjini Nashville, na mawasiliano ya simu yakakatika eneo kubwa, simu za dharura za 911 zikiwamo. Atakayekwambia simu imemaliza kila kitu, mtajie Nashville.

Kwetu njia imekuwa nyingine. Mfumo wa m-mama wa Tanzania, unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, ulijengwa juu ya simu tangu mwanzo: unapiga 115 bure, kituo kinapanga gari, na dereva wa kijamii hulipwa kwa simu. Zahanati iliyo ndani ya mtandao huo haipungukiwi chochote kwa kukosa redio ya mwaka 1980. Redio ya upepo ina faida pale minara ya simu isipofika, ila lazima kuwe na kituo upande wa pili chenye mtu anayesikiliza usiku na mchana.

Basi ukipewa gari lenye redio, usibonyeze kitufe cha kurushia kwanza. Masafa yaliyomo ni ya nchi ilikotoka, na hapa huenda yamepewa mtu mwingine. Tanzania kibali cha masafa hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko, na kifaa chenyewe kinapaswa kuidhinishwa. Muulize mfadhili kama chaneli za zamani na funguo za usimbaji, yaani za kuficha mazungumzo, zimefutwa, na kama anatoa kebo na programu ya kuipangia masafa mapya. Swali hili la mwisho husahaulika kuliko yote. Baadhi ya redio za zamani hupangwa kwa programu inayokubali kompyuta za DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, pekee, na bila hiyo fundi wako hana pa kushika. Betri zilizokufa usizichome wala kuzitupa jalalani: nyingi za redio za mkononi za wakati huo ni za nikeli na kadimiamu, na kadimiamu ni sumu. Ziweke kwenye chombo kikavu chenye lebo, mbali na taka nyingine za zahanati, hadi apatikane mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.