Rudisheni Thamostati Mliyoing'oa

Jumamosi imeingia gereji kwangu Tabata Benzi W123, 230E ya mwaka 1983. Mwenyewe ni mzee mstaafu, kalinunua mwezi uliopita, hata kuliegesha juani hataki. Tatizo: foleni ya Mandela ikikaza, linachemsha. Kabla sijashika spana, mzee akafungua droo ya dashibodi, akatoa kitu kimeviringishwa kwenye gazeti, akaniwekea kiganjani kama anakabidhi jino la mjukuu.

"Hii tumeshaitoa, fundi. Dar si Ulaya."

Thamostati, kile kilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto. Nzima, inang'aa. Ni gari la tatu mwezi huu, na mimi nimechoka.

Imani yenyewe mnaijua: thamostati ni ya nchi za baridi, ya kupasha injini, huku kwetu joto lipo bure, kwa hiyo ng'oa, maji yapite yatakavyo. Ukisikiliza harakaharaka inaingia akilini. Mimi mwenyewe nilipokuwa saidia fundi pale Gerezani nilizing'oa nyingi tu, na siwadanganyi, magari mengine yalitulia. Lakini gari likitoka gereji mnalijaribu wapi? Usiku, barabara nyeupe, spidi 80. Upepo unapiga rejeta, mshale wa joto unashuka hadi nyuzi 60, bosi anatabasamu, fundi analipwa. Keshokutwa saa 11 jioni pale Buguruni, boneti linafuka.

Thamostati ya injini hii ina visahani viwili kwenye mhimili mmoja. Injini ikiwa baridi, kile kikubwa kimeziba njia ya kwenda rejeta, na kidogo kimeacha wazi njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye wata pampu. Joto likikaribia 87, nta iliyomo ndani inayeyuka, inatanuka, inasukuma. Kikubwa kinafunguka, na kidogo kinakwenda kuziba ile njia ya mkato. Rudia hapo mwisho: kidogo kinaziba. Ukiing'oa yote, njia ya mkato inabaki wazi usiku na mchana, na maji hufuata palipo rahisi. Sehemu yake inazunguka injini bila kuionja rejeta. Zipo injini zenye kisahani kimoja na njia nyembamba ya mkato, hizo ukiing'oa zinavumilia kidogo. Nadhani ndizo zilizonipumbaza Gerezani.

Wanaonikera zaidi ni watu wa upande wangu. Wanaitetea thamostati kwa kusema bila hiyo maji yanakwenda mbio mno, hayakai kwenye rejeta muda wa kupoa. Jamani. Maji ni yaleyale, yanazunguka. Yakipita mbio kwenye rejeta, na kwenye injini yamepita mbio vilevile; ukiyapunguzia muda wa kupoa umeyapunguzia na muda wa kupata moto. Tena maji yanayokimbia huchota joto vizuri zaidi. Shida ni njia yaliyopitia. Anayebisha anijibu: mkanda wa pampu ukilegea, maji yakaenda taratibu, mbona gari linachemsha?

Na kule barabara kuu, injini ikishinda kwenye 60, petroli inaliwa zaidi, silinda zinalika, oili haipati joto la kukausha mvuke. Unafungua kifuniko cha oili unakuta uji mweupe. Fundi mwingine anakwambia hedi gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekwenda, unapigwa laki kadhaa.

Nikaazima sufuria kwa mama ntilie wa jirani (aliponiona natumbukiza chuma humo alininunia mpaka jioni). Thamostati nikaining'iniza kwa waya isiguse chini, kipimajoto pembeni, mzee amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwenye 86 ikaanza kuachia, polepole, kama kobe anayetoa kichwa. Tulipoitoa ikajifunga yenyewe. Mzee akaomba turudie.

Ugonjwa ulikuwa kwingine. Kifuniko cha rejeta kilikuwa cha gari jingine, springi imelegea. Kifuniko kizima kinachoshika shinikizo la baa 1 huzuia maji yasichemke mpaka karibu 120. Hiki kilikuwa kinaachia kwenye 100 kama birika la chai. Kisha rejeta. Zima gari likiwa la moto, feni ikisimama pitisha kiganja usoni mwake. Pembe ya chini kulia ilikuwa baridi kama ukuta wa choo. Chumvi imeziba. Mwenye gari wa kwanza alijazia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar mnajua ladha yake, halafu hedi ya hii injini ni aluminiamu, na chumvi huila. Koolanti, ile dawa ya kijani ya rejeta, nusu, maji yasiyo na chumvi nusu, basi.

Mengine ya gari kuukuu ulilonunua jana: hozi za petroli badilisha zote, usiniulize. Oili ya breki badilisha, inanyonya maji hata gari likiwa limelala. Tairi linaweza kuonekana jipya na likawa limekufa. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT ubavuni, 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009.

Kinachoninyima usingizi ni kuosha rejeta ya umri huo kwa dawa. Uchafu ule ule unaoziba ndio wakati mwingine unaoshikilia matundu yasivuje. Vitabu vinasema osha. Vitabu havipigiwi simu na mteja kesho yake. Nimeosha zikapona, nimeosha zikageuka kifumbu, na mpaka leo kabla ya kumimina dawa sina namna ya kujua hii itakuwa ipi.

Ya mzee nimeiosha. Thamostati imerudi, kitundu chenye kigololi kikiwa juu ili hewa itoke. Tabata mpaka Ubungo, saa 11 na nusu jioni, mzee mwenyewe kwenye usukani, mshale haukupita 90. Jana kanitumia picha ya sakafu ya banda lake: tone moja la kijani, usawa wa ile pembe ya kulia.