Namba fupi, barkodi ndefu: tunayodanganyana kuhusu barkodi za tarakimu chache

"Namba yangu ina tarakimu nne tu, barkodi itakuwa kadogo." Hii naisikia kila siku, na mimi mwenyewe niliiamini mpaka nilipochapa stika za vidroo vya vipuri nikakuta mistari imekatwa ukingoni. Ukweli ni kwamba barkodi inakuja na mizigo yake hata kabla hujaweka namba: alama ya kuanzia, alama ya kumalizia, na kwa aina nyingi tarakimu ya kuhakiki, yaani ya ziada ambayo skana inaitumia kujua kama imesoma sawa. Upana tunahesabu kwa moduli, yaani upana wa ule mstari mwembamba kuliko yote. Code 128, moja ya aina za barkodi, ikiwa tupu kabisa tayari imekula moduli 35.

Af kuna hii ya "barkodi ni barkodi, chagua yoyote." Hapana bana. Chukua 1234. Ukiitengeneza kwa aina inayoitwa Code 39, mistari minene ikiwa mara tatu ya myembamba, inakula moduli 95 maana kila herufi inabeba mistari tisa, nyeusi na nyeupe, na lazima uweke nyota (*) mwanzo na mwisho. Code 128 kwa seti B, ambayo kila tarakimu inakaa kwenye alama yake, inakula 79. Code 128 hiyo hiyo kwa seti C, ambayo inafunga tarakimu mbili mbili kwenye alama moja, inashuka hadi 57. Aina nyingine, Interleaved 2 of 5, minene ikiwa mara mbili ya myembamba, ni 36 tu! Ujanja wake ni kwamba 1 inaandikwa kwa mistari myeusi na 2 inaandikwa kwa nafasi nyeupe zilizo katikati ya hiyo hiyo mistari, hamna sehemu inayokaa bure.

Sasa usikimbilie. Watu wanadhani ile fupi kuliko zote ndo bora kuliko zote, kumbe Interleaved 2 of 5 haina tarakimu ya kuhakiki ya lazima, na mwanga wa skana ukipita mshazari ukatokea juu au chini kabla ya mwisho, inaweza kusoma 12 badala ya 1234 na ikalia "pii" kama vile kazi imeisha salama. Dawa ni kuiseti skana ikubali tarakimu nne tu, au uweke mistari minene ya kulala juu na chini ya barkodi. Na ile faida ya ufupi inayeyuka namba ikirefuka: kwa tarakimu 8, minene ikiwa mara tatu badala ya mbili, Interleaved 2 of 5 inafika 81 wakati Code 128 seti C ni 79.

"Ukiongeza tarakimu barkodi inapanuka." Hii ndo inanichekesha, maana seti C inataka jozi, kwa hiyo 12345 inabaki na moja pweke, programu inalazimika kuhama kwenda seti B kwa ajili ya hiyo moja na jumla inakuwa moduli 79. Weka sifuri mbele, 012345, unapata 68. Umeongeza tarakimu, barkodi imepungua! Ila kumbuka skana inaandika kama kibodi tu, itakuletea sifuri yako kama ilivyo, na Excel ikiona sifuri mbele ya namba inaifuta kimya kimya usipoiambia hiyo safu ni maandishi.

"Nimepakua fonti, naandika namba basi." Kwa Code 39 sawa, ilimradi usisahau zile nyota. Kwa Code 128 haiendi, kuna hesabu. Kwa 1234 seti C: alama ya kuanzia ni 105, jumlisha 12 mara 1, jumlisha 34 mara 2, unapata 185, gawa kwa 103 inabaki 82, na hiyo 82 lazima ichapwe kabla ya alama ya kumalizia. Bila hiyo mistari itapendeza machoni na skana itakaa kimya.

Kubwa kuliko zote: "haitoshi? Si uipunguze tu kama picha." Printa ya dpi 203 (doti 203 kwa inchi) ina doti nane kwa milimita. Zile moduli 57 ukiongeza nafasi nyeupe ya moduli 10 kila upande ni 77, na kwa doti mbili kila moduli unapata milimita 19.25. Ukiibana iingie milimita 15, kila moduli inatakiwa iwe doti moja na nusu na ushee, na hakuna printa inayochapa nusu doti, kwa hiyo mstari huu unapata moja, ule mbili, uwiano wote unavurugika. Wengine wanakata zile nafasi nyeupe wakidhani ni urembo, wakati skana inazitumia kujua barkodi inaanzia wapi.

Kimo ndo punguza ukitaka, hakibebi taarifa yoyote, ila kulenga kunakuwa kugumu.

Na mistari myekundu kwa ajili ya kupendeza, achana nayo. Skana nyingi zinamulika mwanga mwekundu, wekundu juu ya nyeupe kwao ni karatasi tupu.