Umeweka rekodi za NS kwa API na tovuti bado iko kule kule? Soma hapa kabla ya kutupigia

Tangu tufungue API (njia ya programu kutuma maagizo kwa mfumo wetu) ya kusimamia rekodi za DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) kwa wateja wetu wa Kanda ya Ziwa, simu zinazoingia mezani kwetu hapa Mwanza zimebadilika sura. Zamani mteja alilalamika kwamba tumechelewa kumwekea rekodi. Sasa anajiwekea mwenyewe, kisha anapiga: "Nimeshaweka NS, mfumo umenijibu 201, mbona tovuti haijahama?" (NS ni rekodi inayotaja seva za majina zinazohudumia kikoa; 201 ni jibu la mfumo kwamba rekodi imeundwa.) Swali ni lile lile kutoka Nyegezi hadi Nansio, kwa hiyo idara imeona ni vyema tulijibu hadharani.

Jibu fupi ni kwamba rekodi umeiweka kweli, ila umeiweka mahali ambapo hakuna anayekuja kuuliza.

Kikoa, au domeini kama wengi mnavyoita, kina rekodi za NS sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ndani ya kanda yako mwenyewe (orodha ya rekodi za kikoa chako), kwenye seva inayohifadhi rekodi zako nyingine zote. Ya pili iko kwa mzazi, yaani kwenye seva za co.tz kama jina lako linaishia hivyo, au za .com kama uliamua kwenda huko. Mtu akifungua tovuti yako kwa simu, seva ya mtandao wake huanzia juu kabisa kwenye mzizi, inaelekezwa .tz, halafu inauliza kwa mzazi: jina hili linahudumiwa na nani? Jibu la mzazi ndilo linaloipeleka kwenye seva zako. API ya DNS inaandika kwenye kanda yako tu. Kwa mzazi haigusi kitu, maana anayeruhusiwa kuandika huko ni msajili uliyemlipa kwa ajili ya jina lenyewe, na msajili huyo huenda si yule anayekuhifadhia tovuti.

Ni sawa na mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni aliyehamia kibanda kipya, akaandika jina lake ukutani ndani ya kibanda hicho, akakaa kusubiri wateja, wakati mlinzi wa getini bado anawaelekeza watu kibanda cha zamani. Mlinzi hasomi ukuta wako. Lazima umfuate umwambie.

Kuna wanaoongeza NS mpya kwenye kanda ya zamani na kuacha za mzazi zilivyo. Hao ndio wanaotupa kazi kubwa, kwa sababu baadhi ya seva za mitandao hufuata jibu la mzazi na nyingine hukubali lile la kwenye kanda. Matokeo yake, mteja wa Igoma anaona tovuti mpya, ndugu yake wa Geita anaona ya zamani, na barua pepe zinaingia kwenye masanduku mawili. Kisha tunaambiwa mtandao wetu "unachagua watu".

Tuje kwenye ombi lenyewe. Mwili wa ombi linalotumwa kwa POST (amri ya kuunda rekodi mpya) huwa hivi, ingawa majina ya sehemu hutofautiana kidogo kati ya mfumo na mfumo, na jina hapa ni la kielelezo tu ("@" ni kikoa chenyewe, "ttl" ni muda wa kuhifadhi jibu kwa sekunde):

{"type": "NS", "name": "@", "content": "ns1.mfano.co.tz.", "ttl": 3600}

Tazama nukta iliyo mwishoni mwa jina la seva. Si uchafu wa kioo. Kwenye mifumo mingi nukta hiyo inasema jina limeishia hapo. Ukiiacha, mfumo huongezea jina la kanda mwishoni mwake na unapata ns1.mfano.co.tz.mfano.co.tz, seva ambayo haijawahi kuwepo duniani. Mifumo mingine inakataa ombi papo hapo na kukurudishia kosa, na hiyo ni bahati yako. Mingine inakujazia nukta kimyakimya. Soma maelekezo ya mfumo unaoutumia. Tumeyaandika ili yasomwe.

Thamani ya NS iwe jina, kamwe isiwe namba ya IP. Na jina hilo lazima liwe na rekodi yake ya A au AAAA (inayotaja anwani ya IP). NS inayoelekea kwenye CNAME (jina linaloelekeza tu kwenye jina jingine) hairuhusiwi, na kanuni hiyo imeandikwa wazi tangu 1997.

Angalia pia kama API yako inaongeza au inabadilisha. Kwenye PowerDNS, programu ya seva za DNS, kwa mfano, ukituma badiliko la aina ya REPLACE, kundi zima la rekodi zenye jina na aina hiyo hufutwa na kuwekwa ulichotuma. Tulishughulikia shauri la shule moja ambako kijana wa TEHAMA alitaka kuongeza seva ya tatu. Akatuma ns3 peke yake. Ns1 na ns2 zikaondoka, na ns3 yenyewe ilikuwa haijawashwa bado. Ilikuwa wiki ambayo wazazi walikuwa wanatafuta fomu za kujiunga. Ukitaka kuongeza moja, tuma zote tatu.

Halafu hili la seva mbili. Tunasema ziwe mbili, mteja anatuletea ns1 na ns2 zenye anwani moja, 192.0.2.10 na 192.0.2.10 tena. Hiyo ni seva moja yenye majina mawili. Umeme ukikatika ofisini kwako Pasiansi zote zinalala pamoja. Weka moja mahali pengine kabisa, kwenye mtandao mwingine.

Kama seva zako za majina ziko ndani ya kikoa hicho hicho, yaani ns1.mfano.co.tz inahudumia mfano.co.tz, mzazi anahitaji kupewa na anwani zake za IP, zile tunazoziita rekodi za gundi. Bila hizo mzunguko haufunguki: ili umpate ns1 lazima uulize mfano.co.tz, na ili uulize mfano.co.tz lazima umpate ns1. Gundi nayo inawekwa kwa msajili, haiwekwi kwa API ya DNS. Na kama kikoa kimetiwa saini ya DNSSEC (uthibitisho kwamba majibu ya DNS hayajachezewa), ondoa kwanza rekodi ya DS (inayomwonyesha mzazi saini hiyo) kwa mzazi na usubiri muda wake uishe ndipo uhame. La sivyo seva zinazokagua saini zitakataa majibu yako yote, hata yakiwa sahihi.

Ipo hali moja ambayo API peke yake inatosha, nayo ni ya kikoa kidogo. Ukitaka tiketi.mfano.co.tz ihudumiwe na seva za kampuni nyingine, mzazi wa jina hilo ni wewe. Weka NS zenye name "tiketi" kwenye kanda yako na kazi imekwisha. Kumbuka tu kwamba rekodi za A na MX (ya barua pepe) ulizokuwa nazo chini ya jina hilo hazitasomwa tena kwako. Zihamishie kule kwanza.

Kuhusu ile imani ya "subiri saa 48": hakuna kitu kinachotembea kwenye nyaya kwa saa 48. Seva za mitandao zimehifadhi jibu la zamani mpaka TTL yake iishe. Mzazi .com anatoa NS kwa TTL ya sekunde 172800, ambazo ni siku 2, na ndiko uvumi ulikotoka. TTL ya kanda yako unaweza kuishusha hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama. Kuishusha baada ya kuhama hakusaidii. Kuzima na kuwasha ruta pia hakusaidii, tafadhali.

Sasa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa kutumia API. Tumekuta tokeni za wateja zimebandikwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, nyingine kwenye hifadhi za msimbo zilizo wazi kwa umma. Mwenye tokeni ndiye mwenye kalamu. Tukigundua imevuja, tunaisimamisha bila kukuarifu kwanza, na kuifungua upya kunahitaji barua yenye kichwa cha taasisi na mhuri, nakala ya kitambulisho cha NIDA cha mtu aliyesajiliwa kama mmiliki, na fomu ya mabadiliko iliyosainiwa na mtu huyo huyo. Narudia: mmiliki, si fundi. Wengi mnafika kaunta mkidhani kikoa ni cha kijana aliyewatengenezea tovuti, na mara nyingine kweli kimesajiliwa kwa barua pepe yake. Hilo shauri huchukua muda mrefu zaidi, na hatuwezi kulifupisha.

Fundi aliyeachishwa kazi akaendelea kuingia kwa tokeni aliyobaki nayo anaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kuingia kwenye mfumo kinyume cha sheria kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyopata, ipi iwe kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini msisubiri kufika huko: futeni tokeni siku ile ile anapoondoka, na mpya iwe na ruhusa ya kanda moja tu.

Kabla ya kupiga simu, endesha kwenye kompyuta amri ya dig +trace NS na jina la kikoa chako, uone mzazi anataja seva zipi. Zikiwa za zamani, nenda kwa msajili wako. Zikiwa mpya na bado kuna tatizo, tutumie matokeo hayo kwa maandishi, siyo picha ya skrini iliyokatwa nusu. Dawati liko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.