Je, wajua kwa nini mgagani huchoma pua ukipondwa tu?

Mvua za vuli zikianza, mgagani, mboga ya majani, huota wenyewe kwenye mazizi yaliyohamwa na pembezoni mwa mashamba ya pamba, kuanzia Magu hadi Sengerema, mkoani Mwanza. Jani lake mara nyingi lina vijani vitano vilivyotandazwa kama vidole, shina lina vinyweleo vinavyonata, na maua ni meupe au zambarau hafifu.

Wengi tumeamini kuwa ule ukali ni sumu iliyomo jani tangu mwanzo. Ndiyo maana watu huukatakata mbichi na kuufikicha kwa chumvi, wakidhani wanaukamua. Sivyo. Jani zima halina ukali huo. Kufikicha ndiko kunakoutengeneza. Lina vitu viwili vilivyotengwa: glukokaparini, kemikali yenye salfa, na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kiitwacho mirosinasi.

Fikiria kiberiti. Moto haumo kwenye njiti wala kwenye ubavu wa kisanduku; huzaliwa vikisuguana. Glukokaparini ndiyo njiti, inatumika na kuisha. Mirosinasi ndiyo ubavu, unawasha njiti moja baada ya nyingine. Kisu, meno ya mbuzi au mdudu anayetafuna huvikutanisha, na papo hapo hutoka methili isothiosianeti, kemikali inayoruka hewani na kuchoma pua. Kwa mmea usioweza kukimbia, ni ulinzi wa ajabu: silaha haiundwi hadi adui ang'ate. Majaribio yaliyofanywa Kenya yalionyesha kuwa hata kupe huukwepa, ingawa hilo halitoshi kumfanya mfugaji aache josho.

Ubavu ukilowa, njiti haiwaki. Maji yanayotokota huua kimeng'enya vivyo hivyo. Basi chuma ncha changa kabla maua hayajafunguka, zitumbukize nzima kwenye maji yanayotokota kwa dakika 10 hadi 15, ndipo ukate. Ukianza na maji baridi, kimeng'enya hupata muda wa kufanya kazi kabla ya kufa.

Uchungu unaobaki ulimini ni jambo jingine, na tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi, zina mchango wake. Protini za maziwa huzishika, kwa hiyo mgagani wa maziwa hulika vizuri. Kumwaga maji ya kwanza husaidia pia, ila vitamini C nyingi huondoka nayo.

Wapo wanaoponda majani na kukamulia maji yake kwenye sikio linalouma. Ushahidi wa kwamba hutibu ni mdogo, na kuponda ndiko kuwasha kiberiti: maji hayo mabichi yakikaa kwenye ngozi huweza kuitoa malengelenge. Sikioni yasitiwe kabisa.