Saratani ya tezi dume: tiba imebadilika, lakini haiwafikii wote

Baba amekutwa na saratani ya tezi dume, ila daktari anasema atamfuatilia tu. Amempuuza?

Si lazima. PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikiwa chini ya 10, Gleason (alama ya ukali wa saratani kwenye hadubini) ikiwa 6 na uvimbe haujatoka nje ya tezi, saratani hiyo kwa kawaida hukua polepole. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 kati ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamefariki kwa saratani hiyo, wawe kundi lolote. Upasuaji na mionzi huweza kuacha mkojo unaovuja na nguvu za kiume zilizopungua, hivyo kusubiri kuna faida. Lakini ni kusubiri kwa vipimo: PSA kila miezi 3 hadi 6, na kuchukuliwa tena kinyama cha tezi kwa uchunguzi baada ya mwaka hivi. Kama nauli ya kliniki ni shida, mwambieni daktari mapema apange upya.

Imeshafika kwenye mifupa. Sindano au kuondoa korodani?

Njia zote mbili huzima testosteroni, homoni inayoilisha saratani hii, na huidhibiti kwa kiwango kinacholingana. Upasuaji ni wa mara moja, huweza kufanyika kwa ganzi, na homoni hushuka ndani ya siku moja. Sindano ya homoni iitwayo goserelini, ya miligramu 3.6, huchomwa kila siku 28, ile ya 10.8 kila wiki 12, kwa miaka. Hapa ndipo wanaolipa mfukoni hukwama: wanapata sindano mbili tatu, fedha zinakwisha, testosteroni inapanda na maumivu yanarudi.

Kwa familia isiyo na bima ya uhakika, kwa maoni yetu upasuaji ni salama zaidi. Mzee aelezwe waziwazi kwamba hauwezi kutenguliwa, na mwenye uamuzi ni yeye. Anaweza pia kuomba daktari atoe nyama ya ndani tu na kubakiza ganda, ili pumbu lisionekane tupu.

Akichagua sindano, ulizeni kuhusu bikalutamidi, kidonge kinachoizuia testosteroni isiifikie saratani. Goserelini huipandisha testosteroni kwanza kabla ya kuishusha, na mwenye saratani kwenye uti wa mgongo anaweza kupooza katika kipindi hicho. Kidonge cha miligramu 50 kwa siku, kikianza siku chache kabla ya sindano na kuendelea wiki kadhaa, humkinga.

Baada ya hapo imetosha?

Zamani ndiyo. Tangu 2015 majaribio makubwa yameonyesha kwamba kuongeza dosetakseli (dawa ya kemotherapi) au abirateroni (vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza testosteroni) mapema hurefusha maisha. Shirika la Afya Duniani liliingiza abirateroni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini orodha haijazi rafu za famasi za mikoani.

Dozi ya kawaida ya abirateroni ni miligramu 1,000 tumboni kukiwa tupu, pamoja na prednisoloni, dawa ya steroidi. Prednisoloni ikiachwa, presha hupanda na potasiamu hushuka. Jaribio dogo la wagonjwa 72, lililochapishwa 2018, lilikuta miligramu 250 zikinywewa na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo zikishusha PSA sawasawa na dozi kamili, maana chakula huongeza dawa inayofyonzwa. Ni robo ya dawa. Muulizeni daktari, msipunguze wenyewe.

Mionzi inatulazimu kuhamia Dar es Salaam?

Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndicho kituo kikongwe. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa mionzi. Gharama inayoumiza mara nyingi ni malazi. Ulizeni ratiba fupi: utafiti wa CHHiP wa 2016 ulionyesha kwamba kwa saratani ambayo haijasambaa, vipindi 20 vinatosha badala ya 37, yaani wiki 4 badala ya 7 na nusu.

Dalili ipi haisubiri tarehe ya kliniki?

Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au mkojo kuziba. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Uti wa mgongo ukibanwa, mgonjwa anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza mara nyingi harudii hali yake.